Afisa mikopo anataka saa moja, mkaguzi anataka saini tatu: niandike lipi?

Muulizaji, Morogoro
Wakuu, heshima kwenu. Ninaandika hati ya mahitaji ya programu ya mikopo kwa SACCOS moja ya walimu. Afisa mikopo anataka mkopo wa dharura umfikie mwanachama kwenye simu ndani ya saa moja, kwa kuwa mwenye mgonjwa hawezi kusubiri. Mkaguzi wa ndani naye anataka kila mkopo, hata wa shilingi 50,000, usainiwe na wajumbe watatu wa kamati ya mikopo, ambayo hukutana Ijumaa tu. Niliyaandika yote mawili, na watengenezaji wamenirudishia hati wakiuliza wafuate lipi.

Mchambuzi wa mifumo, Nairobi
Pole kwa kazi, ndugu. Usimkubalie yeyote kwanza, maana wote wawili wamekutajia dawa kabla ya kukueleza ugonjwa. Mfuate kila mmoja peke yake, umuulize ni tukio gani lililomfikisha kwenye sharti hilo. Katika chama kimoja nilichokihudumia, mkaguzi aliyeshikilia saini tatu alikuwa amewahi kumkuta mtumishi aliyeomba mkopo, akauidhinisha na kujilipa mwenyewe. Alichohitaji ni kwamba anayeingiza ombi asiweze kuliidhinisha, na kwamba kila hatua ibaki na jina na saa yake bila kufutika. Hayo yanaandikika, na wajumbe wawili wanaweza kuidhinisha kwa simu popote walipo. Kikao cha Ijumaa kibakie kwa mikopo inayozidi kiwango fulani, ila kiwango hicho kitajwe na bodi, usikitunge wewe.

Muulizaji, Morogoro
Nimemwona mkaguzi, na kisa chake kinakaribiana sana na hicho. Limebaki la mwenyekiti, ambaye anataka majina ya wanaochelewesha marejesho yaonekane kwa wanachama wote, jambo ambalo wanachama wamelikataa.

Mkaguzi mstaafu, Dodoma
Hilo usiliweke kwenye mizani pamoja na mengine, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililokusanyiwa. Mweleze mwenyekiti kwa heshima, na faraghani, kwamba anachotafuta ni marejesho, na kwamba mfumo unaweza kumkumbusha mkopaji mapema, kisha kuwaarifu wadhamini wake peke yao.

Kuna wanaopanga mahitaji kwa madaraja ya mtaalamu wa programu Dai Clegg ya mwaka 1994, yaani ya lazima, yanayopaswa kuwemo, yanayoweza kuwemo na yasiyofanyika kwa sasa. Yanasaidia kupanga kazi, lakini wadau wawili wanapoita sharti lao la lazima, daraja haliwapatanishi. Hapo mwenye mamlaka aamue, nawe uandike jina lake, tarehe, sababu na hoja iliyoachwa.

Tena kabla hujafunga hati, muulize mkaguzi: wajumbe wote wawili wasipopatikana ndani ya ile saa moja, nani anaidhinisha?