Binti anatoka damu sana, vipimo vinasema yuko sawa

MamaUyole: Habari zenu ndugu. Binti yangu ana miaka 16. Tangu avunje ungo hedhi haipungui siku tisa, na siku mbili za mwanzo anabadilisha pedi kila saa. Usiku namtandikia kanga mbili. Juzijuzi aling'olewa gego saa nne asubuhi, hadi alfajiri ya pili mate bado mekundu. Damu imeshuka hadi 7.8, tukapewa vidonge vya madini ya chuma. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, ziko sawa; PT na APTT, vipimo vya muda wa damu kuganda, navyo sawa. Nikaambiwa ni maumbile, akizaa itapoa. Hata mimi niliambiwa hivyo, na mama yangu pia. Nianzie wapi?

Mtu wa Maabara: Pole sana mama. Usikubali jibu hilo. PT na APTT zinaweza kutoka safi kabisa na mtu ana ugonjwa wa von Willebrand ule usio mkali, yaani wa kurithi, ambapo protini ya kugandisha damu yenye jina hilo ni pungufu. Inabidi ipimwe protini yenyewe ya von Willebrand pamoja na faktari ya nane, protini nyingine ya kugandisha damu. Shida ni kwamba protini hiyo haitulii. Homa, mimba, hata hofu ya sindano huipandisha, na siku hiyo mgonjwa anaonekana mzima. Wenye kundi la damu O huwa nayo pungufu kwa karibu robo bila ugonjwa wowote. Ndiyo maana hupimwa zaidi ya mara moja. Na damu ikiwekwa kwenye barafu kabla ya kuzungushwa kwenye mashine, protini hushuka, mzima akaonekana mgonjwa! Mimi ningemtoa damu palepale inapopimwa, si kusafirisha kichupa kwa basi toka Mbeya. Muhimbili wana kliniki ya himofilia, ugonjwa mwingine wa kurithi wa damu kutoganda vizuri, omba rufaa.

Baba Mafinga: Dada, mdogo wangu alitahiriwa akavuja siku tatu, wazee wakasema kuna mkono wa mtu. Himofilia yake nyepesi imejulikana ana miaka 31, baada ya upasuaji wa ngiri. Kilichomsaidia daktari ni daftari: lini alivuja, kwa muda gani, na nani mwingine kwenye ukoo. Na tafadhali, asipewe aspirini wala diklofenaki, dawa hizo za maumivu huzidisha kuvuja.

MamaUyole: Asanteni sana. Diklofenaki ndiyo niliyokuwa nampa kila mwezi tumbo likimuuma. Usiku huu nimempigia mama Tukuyu, nikamuuliza habari za ukoo. Akanyamaza kidogo, kisha akanitajia dada yake, aliyefariki siku ya pili baada ya kujifungua, damu haikukata. Sikuwahi kusikia habari hiyo. Daftari nimelianza, na ukurasa wa kwanza ni wa mama mkubwa.