Southampton kwa nusu ada au Zanzibar kwa ufadhili kamili? Nisaidieni kuamua

MwanaTudor
Asalaam aleikum, na wengine hamjambo. Nimepata nafasi mbili za masta na nimekwama. Moja ni Southampton, Uingereza, sayansi ya bahari, mwaka mmoja, wamenipunguzia nusu ya ada. Nyingine ni Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Zanzibar, miaka miwili, ada yote inalipwa na posho ipo. Mtaani kila mtu aniambia Uingereza. Jibu lataka kutolewa kabla ya mwezi kwisha. Nyinyi mngechukua ipi?

BintiKibokoni
Waaleikum salaam kakangu. Mambo ya maana yote umeyaruka. Hiyo nusu ya ada iliyobaki atalipa nani? Unataka kuwa mhadhiri, mtafiti pale KMFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi, Mkomani, au kazi za mashirika? Una kazi saa hii? Una mke, watoto? Bila hayo tutakupa maneno matupu.

NahodhaLikoni
Nenda Southampton. Kituo cha Taifa cha Bahari cha Waingereza kiko pale, meli za utafiti zafunga gati mlangoni mwa chuo. Utasoma na watu ambao kazi zao twazisoma vitabuni. Zanzibar ni hapo tu, utaenda siku yoyote. Na tusidanganyane, jopo la usaili likiona cheti cha Uingereza hukaa sawa kwenye viti. Ngojangoja huumiza matumbo.

MwalimuKilifi
Mwanangu, kama shabaha yako ni kufundisha, jua kwamba tangu miongozo ya 2014 ya CUE, tume ya vyuo vikuu ya Kenya, cheo cha mhadhiri kinataka PhD. Masta ni ngazi ya kupandia tu. Atakayekuchukua PhD atataka kuona tasnifu yako na kama umechapisha makala, ndipo aulize ulisoma wapi. Kozi ya mwaka mmoja Uingereza huwa darasa tupu hadi msimu wa joto, kisha tasnifu ya miezi michache. Miaka miwili yakupa misimu ya mvua na kiangazi ya kukusanya data. Kwa sayansi ya pwani hilo ni kubwa.

MwanaTudor
Shukran nyote. Dada BintiKibokoni, nina mke na mtoto mchanga. Kazi ni ya mkataba, kampuni ya kupima athari za mazingira, haina likizo ya masomo. Nataka utafiti wa mikoko, hasa kaboni iliyo kwenye matope. Hiyo nusu, familia yasema tuuze kiwanja cha marehemu baba Mtwapa, kiasi kitakachobaki nikope SACCO.

BintiKibokoni
Subhanallah, na hayo uliyaficha! Tangu Januari 2024 anayesoma masta ya darasani Uingereza hawezi kuingia na mke wala mtoto. Kwa hiyo waenda peke yako. Ada ya afya ni pauni 776 kwa mwaka, na ile miezi inayoongezwa baada ya kozi pia hulipiwa, yote mara moja kabla ya viza. Kazi ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, haziwezi kurudisha kiwanja. Kiwanja cha Mtwapa ukishakiuza, hukipati tena kwa bei hiyo.

TopeLaGazi
Mimi nitasema la upande wa pili, maana wote mwaiona Zanzibar kama pesa mkononi. Mimi nilikuwa na masta ya kulipiwa kila kitu, chuo sikitaji. Barua ilikuwa nzuri, muhuri na sahihi. Nisilojua ni kwamba posho haikuwa ya chuo, ilikuwa ya mradi wa msimamizi wangu. Mwaka wa kwanza ililetwa bila shida. Wa pili mfadhili akafunga mradi, msimamizi akapata kazi ng'ambo, akawa mtu wa barua pepe. Nilikuwa nishachimba matope yangu yote, mabomba ya plastiki yamefungwa utepe na kuandikwa kwa kalamu ya wino mzito: kituo, kina, tarehe. Yako kwenye friza ya maabara. Nikaambiwa upimaji ni kwa kila sampuli na anayelipa ni mimi. Umeme ukakatika wikendi moja, hakuna aliyewasha jenereta. Jumatatu nafungua friza, maji meusi yametiririka hadi sakafuni na wino umefutika. Nusu ya sampuli sikujua tena zilitoka wapi. Ofisi ya ada nayo ikazuia jina langu kwenye orodha ya mahafali. Nilimaliza, alhamdulillahi, lakini kwa pesa za mamangu mzazi. Kwenye barua kulikuwa na maneno madogo, "kulingana na upatikanaji wa fedha". Kakangu, nenda kaisome barua yako neno kwa neno. Nani analipa, hadi mwezi gani, na upimaji wa maabara umo au haumo?

NahodhaLikoni
Si ndiyo nasema! Ya kulipiwa nayo huanguka. Afadhali uanguke ukiwa na jina kubwa.

TopeLaGazi
Sikusema aende kuuza kiwanja, Nahodha. Nimesema asome barua.

MjaKwale
Mbona hakuna aliyetaja Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza? Yalipa ada yote, nauli na posho. Wataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, na ukimaliza urudi nyumbani miaka miwili. Maombi hufunguliwa Agosti. Waombe Southampton wakusogezee nafasi mwaka mmoja, ujaribu hiyo na ya Jumuiya ya Madola.

BintiKibokoni
Na Zanzibar watamsogezea? Mradi haungoji mtu.

MwalimuKilifi
Mikoko iko kwetu. Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wa Gazi kule Kwale, yauza hati za kaboni inayohifadhiwa na mikoko tangu muongo uliopita, Vanga nao wakafuata. Ukiwa Zanzibar waweza kulinganisha mikoko ya Chwaka, Unguja, na ya Gazi katika tasnifu moja. WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi, nao makao yao ni Zanzibar, na wana ruzuku za utafiti wa bahari. Mimi jina la chuo silidharau, lakini kwa mikoko ningekaa karibu na tope.

MwanaTudor
Nimeisoma barua tena usiku. Ada ni miaka miwili, lakini posho ni miezi 18. Upimaji wa maabara haukutajwa. Nimemwandikia msimamizi, na Southampton nimewauliza kama nafasi yasogezwa. Mke wangu yeye ataka Zanzibar, mama ataka Uingereza.

TopeLaGazi
Akijibu kwa simu, mwambie aandike.

MjaKwale
Ukienda na mtoto mchanga usipande basi la Lunga Lunga hadi Dar kisha boti. Ni siku nzima, na foleni ya mpakani Horohoro juani. Tafuta ndege.

NahodhaLikoni
Ndege ya nini? Basi la usiku la Tanga, mtoto alala njia nzima. Mimi hupita huko na wanangu kila Idi.

BintiKibokoni
Boti ya asubuhi hiyo, Nahodha, wakati wa kusi? Mtoto atatapika hadi Malindi ya Unguja. MwanaTudor, kuna shangazi yangu anapangisha vyumba Mbweni, si mbali na Buyu kwenye taasisi. Nitumie ujumbe pembeni.