Waandaaji wa makongamano ya madevelopa, mtoa mada si wa kujazia ratiba!

Wakuu, leo siku ya nne moyo haujatulia tangu kongamano la madevelopa, sisi watengeneza programu, hapa Kigoma mjini. Nasema yote.

Waandaaji walitangaza mapema kwamba anayetaka kutoa mada aombe. Tukaandika muhtasari, tukajibu maswali yao, barua pepe ikaja: umekubaliwa, dakika 40, siku ya pili saa nne asubuhi. Mimi natengeneza programu ya kurekodi mabeseni ya dagaa mwaloni Kibirizi. Nilisubiri mbalamwezi, wavuvi wamepumzika na mwalo umetulia, ndipo nikapata usiku wa kuandaa.

Mada haikuwa ya kulalamikia mtandao. Nilitaka kuonyesha makarani wawili wamerekodi mtumbwi mmoja alfajiri, kila mmoja kwenye simu yake, mtandao haupo. Data inakaa kwenye SQLite, hifadhidata ndogo ndani ya simu. Mtandao ukirudi, rekodi zinagongana kwenye seva, kompyuta kuu inayopokea data za simu zote. Ipi ni sahihi? Ukiamini saa ya simu, kwamba ya baadaye ndiyo sahihi, umekwisha. Simu moja saa yake ilikuwa mbele, rekodi yake ikaonekana ndiyo mpya, tukafuta rekodi ya mabeseni sita ya mama wa watu, nikaenda kumwomba radhi mwenyewe. Ikabidi kila rekodi ipewe namba yake ya kipekee palepale kwenye simu, na seva isifute kitu, ishike zote mbili mpaka karani aamue. Hilo unalieleza vipi kwa dakika 10?

Maana ndizo nilizopewa. Saa nne mgeni wa mdhamini yuko jukwaani anatangaza vifurushi vya kampuni yake. Alipangiwa nusu saa, akala saa moja na robo. Msimamizi wa kipindi kakaa mstari wa mbele anachezea simu. Ikaja chai, ikaja picha ya pamoja. Saa saba kasoro kijana wa kujitolea ananinong'oneza: "Kaka, fanya dakika 10 tu, watu wana njaa." Napanda, kebo ya projekta haiingii kwenye kompyuta yangu, adapta hakuna. Wiki nzima nimeuliza kwenye kundi la WhatsApp projekta inatumia kebo gani, kimya! Dakika nne zikaishia hapo.

Mimi naishi Mwanga, nilipanda bodaboda nikarudi nyumbani. Kinachonichoma ni dada aliyetoka Kasulu kwa nauli yake, mada yake ya kwanza, menyu za USSD, zile za kubonyeza nyota na reli kwenye simu. Yeye alifutwa kabisa. Alijulia mlangoni, kwenye ratiba mpya iliyobandikwa, jina halipo. Nilimwona anakunja karatasi zake, zimeandikwa kwa mkono, pembeni kaweka alama kwa wino mwekundu mahali pa kupumua. Akazitia mkobani, hakusema neno.

Dakika chache si tatizo. Kwenye makongamano ya Python, lugha ya kuandikia programu, mada za dakika 5 zipo miaka mingi, ila anayepanda anajua tangu mwanzo kuwa ni 5, na zikiisha anashuka.

Waandaaji mumo humu, mnasoma. Wekeni mshika saa mwenye ruhusa ya kumshusha hata mdhamini. Ratiba ikibadilika, mpigieni mtoa mada kabla hajapanda basi. Na yule dada mrudishieni nauli wiki hii, mumwombe radhi kwenye kundi lile lile mlilomtangazia. Namba yake mnayo.