Stendi ya pikipiki imechoka: nichomelee au ninunue mpya? Jibu kabla ya Jumamosi tafadhali

Kijana wa Mabatini
Wakuu, habari za jioni. Nina pikipiki ya 150, napigia boda hapa Mwanza. Stendi ya pembeni imechoka. Tundu la bolti limekuwa yai, ukiegesha chombo kinalala kama mlevi aliyeegemea ukuta. Springi nayo imelegea, nimefunga raba ya tyubu ndiyo inayoishikilia juu. Stendi kubwa haipo, niliikuta imeshatolewa. Nichomelee au ninunue mpya? Naombeni ushauri, matusi hapana.

Kisiki
Nunua bajaji. Ina miguu mitatu, haihitaji stendi.

Mzee wa Spana
Kwanza ujue kilichokwisha ni kipi. Mwambie mtu akushikilie chombo, wewe shika ncha ya stendi uitikise mbele na nyuma, macho yakiwa kwenye bolti. Mara nyingi bolti ndiyo huanza kulika, halafu masikio ya stendi, mwisho sikio lililochomelewa kwenye chesesi. Kama ni bolti tu, nunua yenye alama 8.8 kichwani, usiokoteze ya kitanda. Kama sikio la chesesi limekwisha, stendi mpya haitakusaidia: ni hereni mpya kwenye sikio lililochanika. Hapo tundu linapanuliwa mpaka liwe duara tena, fundi wa kukereza vyuma anakutolea bushi, kile kibomba cha chuma kinachokaa ndani ya tundu, unafunga na grisi. Na hiyo raba toa leo. Stendi ikishuka ukiwa kwenye kona ya kushoto inagonga lami na kukunyanyua.

Mama Wawili
Ya mume wangu ilianguka karibu na jiko la maandazi. Nimesimama na mwiko, nasikia puu! Petroli inatiririka kwenye mfuniko wa tangi, mkaa unawaka hatua mbili tu. Nilimwaga ndoo nzima ya maji, unga, mafuta, vyote vikaenda. Tangu siku hiyo haiingii uani kwangu. Wanaume mnapuuza vitu vidogo mpaka mtu aungue.

Kisiki
Pole mama. Maandazi yaliokolewa?

Mzee wa Spana
Mleta mada, Jumamosi kuna nini?

Kijana wa Mabatini
Kuna mtu anakuja kuiangalia.

Mzee wa Spana
Mtu gani?

Kijana wa Mabatini
Tajiri. Ni ya mkataba, zimebaki wiki sita iwe yangu. Tuliandikishana kwamba chesesi ikiharibika ni juu yangu. Haijaharibika lakini. Ilianguka mara moja tu, upande wa kulia, kwenye genge la nyanya. Mkono wa breki ya mbele ukapinda na indiketa ikavunjika. Nyanya nimeshalipa. Na fundi wa kuchomelea nimeshampa elfu tatu ya kuanzia, anakuja kesho kujaza lile sikio. Anasema hana haja ya kufungua kitu, dakika kumi amemaliza. Kwa hiyo naona nichomelee tu.

Binti Ukerewe
Sasa ulikuwa unaomba ushauri wa nini?

Chai ya Rangi
Subirini kidogo. Stendi ya pembeni iko kushoto. Chombo chake "kinalala kama mlevi", maana yake kinalalia kushoto. Halafu kikaanguka KULIA? Kiliamka kwanza? Wakuu, hii ni chai, tena ina tangawizi.

Kisiki
Upepo wa ziwa huo.

Binti Ukerewe
Mwezi uliopita si ndiye huyu aliyekuwa dereva wa lori Tunduma akatapeliwa tairi?

Chai ya Rangi
Ndiye! Uzi ufungwe.

Kijana wa Mabatini
Ya lori nilikuwa namuulizia kaka yangu. Na hii siyo chai. Nilisahau kitu kimoja.

Mzee wa Spana
Hukusahau. Sema.

Kijana wa Mabatini
Ilipozidi kulala nilichomelea kipande cha nondo ya milimita 12 chini ya stendi. Vidole vitatu hivi. Ikasimama vizuri kabisa siku mbili. Siku ya tatu tunapakia mkaa, gunia la pili halijakaa sawa, ikaenda na genge. Kijiwe chetu kiko mteremkoni, mnaijua Mwanza ni mawe na vilima.

Mama Wawili
Magunia mawili juu ya stendi ya pembeni!

Kijana wa Mabatini
Hapa kijiweni kila mtu anapakia hivyo.

Mzee wa Spana
Chai ya Rangi, kaa chini, kijana anasema kweli. Shokapu za nyuma zimechoka kwa mkaa, gunia la kwanza likazibonyeza, chombo kikashuka. Chombo kikishuka, stendi inakuwa kama imerefuka. Ongeza vidole vitatu vya nondo, kinasimama wima. Kinachosimama wima upande wa mteremko kinaanguka hata kuku akikigusa. Na hayo magunia ndiyo yaliyolifanya tundu kuwa yai.

Kata nondo. Weka bushi. Kama lazima sikio lichomelewe, tangi lishuke na lisogezwe mbali, waya wa hasi wa betri utoke, na waya wa ethi wa mashine aubane karibu na anapochomelea. Fundi anayechomelea chini ya tangi lenye petroli kwa dakika kumi, zinaweza kuwa dakika zake za mwisho. Ukipakia, mtu ashike usukani. Mlimani elekeza tairi la mbele juu, acha ndani ya gia namba moja.

Kijana wa Mabatini
Nimekuelewa mzee wangu. Ila elfu tatu yangu ndiyo imeenda hivyo?

Binti Ukerewe
Mpigie tajiri umwambie ukweli kabla hajafika. Atakasirika siku moja.

Kijana wa Mabatini
Haiwezekani.

Binti Ukerewe
Kwa nini?

Kijana wa Mabatini
Tajiri ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Nyumbani nimesema niligongwa na daladala.

Chai ya Rangi
Hapo sasa nimeamini yote.

Kijana wa Mabatini
Mzee wa Spana, ukishusha tangi, ule mpira wa petroli unaufunga na nini usimwage?