Impreza WRX ya 2001 inavuja oili kidogo na inanuka nikisimama kwenye mataa, nianzie wapi?

ngosha_turbo:
Heshima kwenu wakuu. Nina Subaru Impreza WRX ya 2001, EJ20 ya turbo, manyu, niliinunua kwa mtu hapa hapa Mwanza. Bodi imenyooka, injini inavuta vizuri ila ina kaugonjwa. Nikitoka Igoma kwenda mjini nikisimama tu kwenye mataa kale kaharufu ka oili inayoungua kanaingia ndani kupitia matundu ya feni, na juzi nilipanda Bugando nikaegesha nikaona kamoshi kepesi kanatoka kwenye boneti upande wa dereva, wife akawa ameshashuka kabla sijazima gari haha. Asubuhi chini kuna matone mawili matatu ukubwa wa sarafu ya mia mbili.

Nimeshaipeleka kwa mafundi wawili. Wa kwanza hakuinama hata, akasema injini ishushwe sili zote zibadilishwe, laki nane. Wa pili akapaka silikoni kwa nje kuzunguka kava ya valvu akasema kesho hutaona tone. Kesho yake nikaona matone. Sasa nauliza, mtu mwenye boksi lake la spana na Jumapili nzima anaweza kufanya hii kazi mwenyewe? Na kuna jamaa kaniambia niweke tu oili nzito 20W-50 itaziba yenyewe.

kirumba_wa_mwaloni:
Uza chukua IST ulale usingizi 😂

SpanaKumi:
Mkuu usishushe injini na usinunue spea yoyote kwanza. Osha. Namaanisha osha kweli kweli, injini ikiwa imepoa, mafuta ya taa na brashi mpaka uone alumini inang'aa, funika olternata na koili (kama bado una rambo la zamani nyumbani hapa ndo pa kulitumia) halafu suuza taratibu. Na usiende kuoshea ziwani kama wale jamaa, ile oili wanaenda kuinywa sato wetu.

Ikikauka nyunyizia poda ya mtoto kwenye maungio yote unayoyafikia, nenda Kisesa urudi, piga tochi. Poda ikilowa inaacha mstari mweusi, unaufuata kwenda JUU mpaka pale ulipoanzia. Hapo ndo watu wengi wanakosea, wanaangalia tone linapodondokea. Oili inateremka halafu upepo wa chini unaisukuma nyuma, mtu anaona gearboksi imelowa anasema sili ya nyuma ya krenki kumbe ni swichi ya presha ya oili iko mbele juu ya injini, chini ya olternata, inalia yenyewe pale, spea ya bei ndogo tu.

Ila kwa hiyo harufu nakisia kava ya valvu. Injini yako imelala, pistoni zinarushiana ngumi kushoto na kulia, kwa hiyo kava haziko juu kama kwenye Toyota, ziko ubavuni zinatazama tairi na ekzosi inapita chini yake. Gasketi ikikauka oili inadondokea kwenye bomba la moto moja kwa moja. Ukiwa kwenye mwendo husikii, ukisimama inapanda. Na kwa sababu ni upande wa dereva, turbo nayo iko huko huko nyuma, kagua kale kapaipu kafupi ka raba kanakorudisha oili kutoka kwenye turbo, kana klipu mbili, kakishazeeka kanakuwa kagumu kama plastiki na kanatoa jasho.

Hiyo ya kwenye ekzosi usiiite ndogo. Tone la chini kwenye sakafu unaweza kuishi nalo miaka, tone juu ya bomba la moto ni kiberiti. Ule mtungi mdogo tunaowaonyeshaga trafiki, hakikisha mshale uko kwenye kijani.

Mzee_wa_504:
Vijana mnapenda kujitesa. Sisi tumetembeza Peugeot 504 kutoka hapa mpaka Dar na 20W-50 tu, ikipungua unaongeza, safari inaendelea. Kijana weka oili nzito uone kama hainyamazi.

SpanaKumi:
Mzee wangu shikamoo. 504 ilikuwa haina turbo, na zile nafasi za beringi zilikuwa za enzi zake. Hii ya kijana ikiwaka asubuhi oili inatakiwa ifike kwenye turbo haraka, ukiweka nzito inachelewa, na gasketi iliyokatika haiungwi na unene wa oili, inapunguza tu kasi ya tone. Mimi kwa hali ya hewa ya kwetu ningeweka 10W-40 nzuri basi. Zile dawa za kuziba za kumimina ndani zinalainisha raba kidogo, unapata mwezi au miwili, na sili iliyochanika haizitambui.

Halafu ngosha, ile silikoni ya fundi wa pili ibandue yote. Niliwahi kufungua sampu (lile bakuli la oili chini ya injini) ya Forester ya mteja imegonga beringi, kuangalia chujio la pampu ya oili nikakuta vipande vyekundu vya silikoni vimeshikana pale kama nyanya zilizokatwa za kachumbari. Mtu kapaka nyingi, ya ziada ikajikunja kwa ndani ikakatika ikaenda na oili. Injini imekufa kwa ajili ya kuokoa gasketi.

dada_wa_gia:
Naongezea kitu ambacho hakuna aliyenisaidia nacho mimi. Legacy yangu nilibadilisha gasketi za kava pande zote mbili, spea orijino nimeagiza Gerezani zikaja na basi, baada ya miezi mitatu zikaanza tena kulowa. Nilimchukia fundi wa watu bure. Kumbe valvu ya PCV, ile inayotoa mvuke na presha ndani ya injini, ilikuwa imeganda masizi, injini haipumui, ile presha ya ndani inatafuta pa kutokea na inatokea pale palipo dhaifu. Itoe uitikise, ikilia kaka kaka iko hai, ikinyamaza badilisha, na mabomba yake yapulize. Kwa turbo nadhani utatoa intakula (kile kipoza hewa ya turbo juu ya injini) kwanza ndo uifikie. Fanya hii KABLA ya gasketi kaka yangu siyo baada.

ngosha_turbo:
Dada asante sana, wakuu wote asanteni. Nimeosha, nimepaka poda (mtoto kanishitaki kwa mama yake). Jibu: kava ya valvu upande wa dereva imelowa kuanzia kona ya nyuma, kapaipu ka turbo kakavu, na kuna unyevu kidogo pale injini inapokutana na gearboksi. Kufungua kava kunahitaji nini?

SpanaKumi:
Upande wa dereva toa boksi la hewa, upande wa abiria toa betri na chupa ya maji ya waipa, ndo utapata nafasi ya mkono. Bolti ni spana kumi, uwe na racheti ndogo na ekstensheni, na uvumilivu maana utakuwa unafanya kwa kupapasa. Ukitoa koili chungulia mashimo ya plagi, ukikuta oili imejaa mle basi na zile sili za mviringo za plagi zimekufa, mbili kila upande, nunua seti nzima. Weka gazeti chini, oili kidogo itamwagika lazima.

Gasketi ya zamani utaijua, ukiikunja inavunjika kama biskuti. Safisha ule uso kwa kitambaa na dawa ya kusafishia breki, usikwangue kwa bisibisi, ile ni alumini. Silikoni unaweka kwenye zile kona za nusu mwezi TU, kiasi cha punje ya mchele, basi. Raba za chini ya vichwa vya bolti badilisha nazo, watu wanazisahau halafu wanashangaa. Kaza kidogo kidogo kwa msalaba, mkono mwepesi, ukisikia imegota acha. Mwenye nguvu nyingi ndo anaua nyuzi.

Ule unyevu wa nyuma inawezekana ni ile sahani ya separeta (inayotenganisha oili na mvuke) nyuma ya bloku, zilikuwa zinakuja za plastiki zinapinda, siku hizi spea yake ni ya chuma. Lakini ili uifikie lazima gearboksi itoke, kwa hiyo subiri klachi ikiisha ufanye vyote siku moja. Vivyo hivyo sili za mbele, za kemshafti na krenki, zisubiri taimingi belti, na siku hiyo mwambie fundi afungue pampu ya oili aangalie zile skrubu za nyuma yake, huwa zinalegea.

ngosha_turbo:
Mrejesho. PCV ilikuwa kimya kabisa, nimeweka mpya. Upande wa dereva umenichukua kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tisa, bolti moja ya chini nyuma nimeitafuta kwa vidole kama mtu anayetafuta funguo gizani. Gasketi imetoka vipande saba, nimevihesabu. Siku mbili za mwanzo ilinuka zaidi nikataka kulia, kumbe ni ile oili ya zamani inamalizikia kwenye ekzosi. Jana nimevuka daraja la Kigongo–Busisi mpaka Sengerema na kurudi, nimesimama Igoma na vioo vimefungwa, hakuna harufu. Wife kakaa mpaka nimezima gari.

Asubuhi kuna tone moja, la nyuma lile. Nimeweka kipande cha katoni.

kirumba_wa_mwaloni:
Upande wa abiria lini

ngosha_turbo:
Jumapili ijayo, njoo na racheti yako ndogo, yangu imedumbukia mahali kwenye krosmemba sijaiona.