Tumeitwa kutoa maoni kuhusu zahanati, twende ama ni mchezo tu?

mwana_wa_kisiwani:
Asalaam aleikum jamaa, naombeni ushauri maana huku kwetu watu wamegawanyika. Kuna karatasi imebandikwa ukutani inasema wanataka kubadilisha utaratibu wa zahanati ya kijiji, nesi awe anakuja siku tatu kwa wiki badala ya kila siku na kliniki ya wajawazito ihamishwe kituo kikubwa. Ofisi sitaitaja mtanisamehe. Karatasi yenyewe Kiingereza kitupu, herufi kama za karatasi ya ndani ya boksi la dawa, mpaka mwalimu wa madrasa akatusomea.

Kikao ni Alhamisi saa tatu asubuhi, Amu (Lamu) mjini. Sasa nyinyi mnaojua bahari yetu pigeni hesabu, wiki hiyo ni bamvua, asubuhi maji yanakupwa, boti haipiti mkondo wa Mkanda mpaka yajae, tukifika watu washakunywa soda washasaini washaenda zao. Nauli nayo kila mtu atoe mfukoni.

Wazee wanasema tusijisumbue, hao washaamua wanatafuta sahihi tu. Mimi roho inaniambia tukinyamaza ndio watasema hakuna aliyepinga. Naulizeni: sheria inataka ilani ya siku ngapi? Na tukisema, kuna mtu anayeandika kweli?

Kadzo_Malindi:
Waleikum salaam kaka. Huku Malindi vikao hivi nimekaa vingi, vya bajeti, vya ada za soko, vya mpango wa mji. Wazee wako hawajakosea sana ila dawa si kususia. Unachosema kwa maikrofoni kinapotea, unapewa dakika mbili na aliyekutangulia kala kumi akisalimia waheshimiwa. Kinachobaki ni karatasi. Andikeni memoranda yenu, yaani barua ya maoni, hata kwa mkono, hata ukurasa mmoja, mtoe fotokopi, mpeleke mbili, moja wabaki nayo na nyingine WAGONGE MUHURI wa kupokea na tarehe mrudi nayo nyumbani. Mwenye kopi ya muhuri haambiwi baadae eti hamkuleta maoni.

Na ile rejista ya mahudhurio mtakayopewa, someni juu imeandikwa nini kabla ya kusaini. Kuna mahali watu walisaini mahudhurio, baadae ikasemwa wamekubali.

si_wakili_ila:
Nijibu la siku. Katiba haitaji idadi ya siku kwa kikao kama hicho, usije ukabishana na mtu kwamba lazima iwe 14 ama 21 ukaaibika. Kinachotakiwa ni muda wa kutosha na habari za kutosha, mtu ajue anaulizwa nini kabla hajaulizwa. Kifungu cha 10 cha Katiba kimeweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 87, inasema wananchi wapate habari na takwimu kwa wakati. Zahanati ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Katiba, kwa hiyo hapo hawana pa kukwepea eti ni ya Nairobi.

Kuna kesi ya Kiambu mzijue. Mwaka wa 2014 Mahakama Kuu ilifuta Sheria ya Fedha ya kaunti ile ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa vya kutosha, na jaji akasema haitoshi kutuma ujumbe tu Twitter ukaachia anayetaka autafute, watumie misikiti, makanisa, mabaraza, redio. Sasa karatasi moja ya Kiingereza ukutani kisiwani na misikiti ipo na kila Ijumaa imejaa, hilo liandikeni kwenye barua, tena liwe la kwanza.

Ila nisiwadanganye. Kutoa maoni si kupiga kura. Wanaweza kuwasikiliza vizuri na bado wakafanya lao, mahakama haiwalazimishi wakubali kila neno. Wanachodaiwa ni kuwapa nafasi ya kweli na kuyatia maanani mliyosema.

nahodha_mstaafu:
Nafasi ya kweli haha. Mwanangu nimeona mabaraza tangu enzi za DC, mkuu wa wilaya, chai ileile, hotuba ileile. Bora mafuta ya boti mkavulie.

si_wakili_ila:
Mzee wangu nakuheshimu, lakini wewe ni mtu wa Amu, ule mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa Kwasasi umesahau? Vikao vilifanywa, watu walikaa, picha zikapigwa. Juni 2019 tribunali ya mazingira ikafuta leseni ya mradi, sababu kubwa ni kwamba ripoti ya athari kwa mazingira ilipokuwa tayari wananchi hawakushirikishwa ipasavyo juu yake, vile vikao vya mwanzo vilikuwa vya kujitambulisha tu. Na walioshinda ni watu wa hukuhuku waliokuwa wakiandika barua na kuweka kopi.

nahodha_mstaafu:
Haya hilo nakupa. Lakini ilikuwa miaka, na walikuwa na mawakili.

mama_ziwani:
Mbona nyote mwaongea sheria sheria, hiyo kliniki ni ya nani? Mimi nawajua wanaume wetu, mkifika huko mtaanza na gati na solar ya msikiti, mtoto wa mtu anayeshikwa na uchungu usiku atatajwa mwisho ama asitajwe. Wanawake waandike yao wenyewe. Na msiandike "tunaomba mtuhurumie", andikeni hesabu: mwezi uliopita kina mama wangapi walihudhuria (nesi anayo kwenye daftari, muulizeni kwa adabu atawaambia), boti ya kukodi usiku ni shilingi ngapi, maji yakikupwa mgonjwa anabebwa vipi mpaka kwenye boti, nani anambeba, anakanyaga matope mpaka wapi. Mtu wa ofisini hayajui haya, hakai huku.

Halafu ombeni kikao cha pili kiletwe kijijini, baada ya alasiri, siku maji yamejaa. Wao wana boti na mafuta ya serikali, kwa nini watu mia wavuke kuwafuata watu watano.

mwana_wa_kisiwani:
Mama umenena, hilo la matope nalichukua kama lilivyo. Tumekubaliana barua mbili, ya kijiji na ya kina mama, na vijana watatu wanavuka Jumatano jioni walale Amu kwa jamaa ili saa tatu iwakute mlangoni. Swali: barua ni lazima Kiingereza? Na nikitaka kuona hiyo ripoti iliyowafanya wapunguze siku, naiombaje?

si_wakili_ila:
Kiswahili tosha. Ripoti iombe kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inasema wazi ombi liwe la maandishi kwa Kiingereza au Kiswahili, na wana siku 21 kukujibu. Eleza unataka nini hasa, ripoti gani, usiombe "habari zote". Wakinyamaza unaenda Tume ya Haki ya Utawala, wale Ombudsman. Na mkiona haitoshi, mwananchi yeyote ana haki ya kupeleka petisheni, yaani ombi rasmi, kwa bunge la kaunti.

Kadzo_Malindi:
Na hiyo nayo igongwe muhuri! Wakisema mwenye muhuri ametoka, kaeni hapohapo mpaka arudi.