Mtangazaji wa R&B za Jumapili usiku hapa Arusha: Teddy Pendergrass HAKUFA 1982!

Wakuu habari za saa hizi. Mods, huu uzi naomba msiuunganishe na ule wa redio za Chuga kwa ujumla, maana kule watu wanapiga soga tu. Hapa nina jambo moja na nina hasira nalo, mtanivumilia lugha.

Kuna redio moja hapa mjini, siitaji, wasikilizaji wake mnaijua. Jumapili usiku wana kipindi cha R&B za zamani. Juzi mada ilikuwa maisha ya Teddy Pendergrass, mwimbaji wa R&B wa Marekani. Nikasema leo angalau tutasikia kitu cha maana, sio yale majina manne ya kila wiki. Nikaongeza sauti.

Mtangazaji, na ile sauti yake ya kunong'ona ya kujilazimisha, akatangaza kwamba Teddy "alitutoka" mwaka 1982 kwa ajali ya gari. Akaomba wasikilizaji wote tukae kimya kidogo kumkumbuka marehemu. Redio ikanyamaza kabisa, mpaka nikadhani umeme umekatika. Ukimya ulipokwisha, wimbo wa kwanza kuupiga ukawa Joy.

Joy umetoka 1988, wakuu. Umeshika namba moja kwenye chati ya R&B ya Marekani mwaka huohuo, na aliyeuimba ni huyohuyo uliyetoka kumzika. Hivi mtu mzima unakaa mbele ya kipaza sauti, mji mzima unakusikiliza kuanzia Sakina mpaka Usa River, na hujiulizi maiti kaingia studio saa ngapi?

Teddy amefariki tarehe 13 Januari 2010. Ajali ilikuwa 18 Machi 1982. Ukitoa hapo unapata karibu miaka 28 ambayo huyu bwana kaifuta kwa pumzi moja, na ndani yake mna albamu, ndoa, ziara, kitabu cha maisha yake na taasisi ya kusaidia watu waliovunjika uti wa mgongo. Vyote vimefanywa na marehemu.

Ningeweza kumsamehe hilo. Watu hukurupuka, hasa anayesoma kwenye simu huku wimbo unaisha. Lakini mwenzake wa studio, ambaye nampa pongezi, akamuuliza: kaka, si nilisikia huyu alipooza tu? Hapo ndipo angejirekebisha, tukayamaliza. Akajibu akicheka: "Kwa msanii, kupooza na kufa ni kilekile, kaka."

Hiyo ndiyo iliyonileta hapa.

Mdogo wangu alianguka na bodaboda mwaka juzi. Shingo. Akalazwa Moshi muda mrefu, karudi nyumbani Kijenge na kiti cha magurudumu. Kabla ya hapo alikuwa anaimba besi kwenye kwaya, ile besi ya kutetemesha benchi. Na ndiye aliyekuwa ameshika ile redio. Hakusema kitu, alizima tu. Sasa nyie mnaosema "burudani tu hiyo, acha kukuza mambo", njooni mumwambie yeye.

Mimi na yeye tumemjua Teddy kupitia dingi, aliyekuwa na kanda zake enzi zile unapeleka kanda tupu mjini unarekodiwa nyimbo unazotaka. Kwa hiyo niwape darasa ambalo redio imeshindwa kutoa, na mtangazaji kama unapita humu kimyakimya, chukua kalamu.

Teddy kakulia Philadelphia, kazaliwa 1950. Baba yake aliuawa yeye akiwa bado mtoto, kalelewa na mama. Kanisani alianza mdogo kiasi kwamba akiwa na miaka 10 hivi alishatawazwa kuwa mhubiri. Msilichukulie kama kichekesho, sikilizeni Bad Luck ya 1975, pale mwishoni wimbo unapokwisha na yeye anakataa kutoka. Yale ni mahubiri. Ile ngurumo hakuifundishwa studio.

Alianzia kwenye ngoma. Ndiyo, dramu. Harold Melvin & the Blue Notes, kundi la waimbaji, walimchukua mwaka 1970 apige dramu nyuma yao, ndipo wakagundua wamemkalisha nyuma mtu wa mbele. Wakaingia Philadelphia International, lebo ya Kenny Gamble na Leon Huff, na 1972 wakatoa If You Don't Know Me by Now. Hapa mtangazaji wetu alifanya maajabu mawili kwa mkupuo mmoja: kasema sauti ile ni ya Harold Melvin, halafu akapiga wimbo wenyewe toleo la Simply Red! Simply Red ni Waingereza, wameurudia 1989. Kwa hiyo tulisikiliza Mwingereza, tukaambiwa ni Harold Melvin, kwenye kipindi cha Teddy. Jamani.

La Harold Melvin ningemwelewa kidogo, maana hata Wamarekani wenyewe walichanganya. Jina la Harold lilikuwa limeandikwa mbele, watu wakadhani mwenye jina ndiye mwenye sauti. Ilibidi mwishoni jina la Teddy nalo liandikwe juu ya jalada. Na hela nayo ikawa na maneno, Teddy anaona jasho lake haliendani na anachopewa. Akaondoka katikati ya miaka ya 70. Wasanii wa hapa mjini hiyo hadithi mnaijua, sina haja ya kuirefusha.

Albamu yake ya kwanza peke yake ilitoka 1977, ikafika platinamu, maana yake nakala milioni moja. Iliyofuata platinamu. Iliyofuata tena. Tatu mfululizo. Close the Door ni ya 1978, Turn Off the Lights 1979, Love T.K.O. 1980. Meneja wake Shep Gordon akaja na wazo la matamasha ya wanawake watupu, wanaume mlango haukuwahusu. Mtangazaji hapo ndipo alipojaa mate, sehemu kubwa ya kipindi ikaenda kwenye wanawake, nani alikuwa na nani, nani alikuwa kwenye gari usiku wa ajali. Kipindi cha muziki kikageuka kibaraza cha umbea. Wake Up Everybody haikutajwa hata kwa bahati mbaya! Wimbo unawaamsha walimu, madaktari, dunia nzima, ameuimba Teddy huyuhuyu mnayemfanya mwimbaji wa chumbani tu.

Sasa ajali. Rolls-Royce yake iliacha njia barabara ya Lincoln Drive, ikagonga kingo, ikavuka upande wa pili na kuishia kwenye miti. Alikuwa na miaka 31, siku nane tu kabla ya kutimiza 32. Uti wa mgongo uliumia shingoni, akapooza kuanzia kifuani kwenda chini.

Hapa nataka wanaosema "alipooza basi akanyamaza" wasome taratibu. Kinachovuta hewa ndani ni kiwambo, kile kilicho chini ya mapafu, na mishipa ya fahamu ya kukiendesha inatoka katikati ya shingo. Aliyeumia chini kidogo ya hapo bado anavuta pumzi mwenyewe. Kinachopotea ni misuli ya tumbo na ile ya katikati ya mbavu, inayosukuma hewa nje kwa nguvu. Mtu wa kawaida hata hajui anaitumia. Mwimbaji anaishi kwayo, kwa sababu sauti yote inasafiri kwenye pumzi inayotoka. Mistari mirefu inakatika katikati. Kukohoa tu ni kazi.

Nyumbani kwetu tunaiona kila asubuhi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimwachia mdogo wangu chupa ya maji na mrija: apulize, mapovu yasikatike. Anafungwa mkanda mpana tumboni ndipo aanze. Akitaka noti ndefu anajikandamiza chini ya mbavu kwa mkono, ule wenye nguvu kidogo, kama anausukuma wimbo kwa nje. Mwanzoni alikuwa hamalizi hata neno "Haleluya". Siku hizi anaimaliza na anaitafuta nyingine.

Basi mwelewe Teddy alifanya nini. 1984 alirudi na albamu ya Love Language, lebo mpya ya Asylum. Mle kuna Hold Me, kaimba na binti mmoja ambaye albamu yake ya kwanza ilikuwa bado haijatoka, anaitwa Whitney Houston. Sikilizeni anavyoimba mle. Ngurumo ya zamani hana, na haitafuti. Anaikata mistari mapema, anaiacha pumzi ipumzike, anaingia tena laini. Mimi kwa upande wangu (nitukaneni tu) naona kuna mahali anaimba kwa akili kuliko enzi za kupiga kelele.

Tarehe 13 Julai 1985 akapanda jukwaani kwenye tamasha la hisani la Live Aid, uwanja wa JFK, nyumbani kwao Philadelphia, na kiti chake, pamoja na waimbaji Ashford & Simpson. Ilikuwa mara ya kwanza kusimama, samahani, KUKAA mbele ya umati mkubwa tangu ajali. Alilia. Sisi Tanzania Bara tulikuwa hata televisheni hatuna, hivyo hatukuona, lakini leo ipo mtandaoni, ni suala la kuandika jina lake tu. Mtangazaji hilo nalo lilimshinda.

Na kuna jambo moja ningekuwa mimi ningelifanya kipindi kizima. Baada ya ajali Teddy alifika mahali hakutaka tena kuishi. Mwanasaikolojia wake, Dan Gottlieb, ambaye naye yuko kwenye kiti cha magurudumu tangu ajali ya gari, akamwandalia mazishi ya kuigiza. Teddy akalala kama maiti, akafunikwa, ndugu wakamwambia maneno ya kumuaga. Akayasikia yote. Akaamka akachagua kubaki. Yaani huyu mtu alishazikwa akiwa hai na watu wanaompenda ili asife, halafu Jumapili anakuja mtu wa Arusha anamzika mara ya pili ili awahi tangazo la saruji.

1988 ndipo ikaja Joy, ile ya maiti wetu. 1998 kitabu, Truly Blessed, na taasisi yake, Teddy Pendergrass Alliance. 2002 albamu ya jukwaani. Akastaafu miaka ya mwisho mwisho, saratani ya utumbo ikampata, akafa 2010 akiwa na miaka 59.

Niliwaandikia redio WhatsApp usiku uleule, kwa adabu kabisa. Jibu: "Asante mdau kwa maoni yako, endelea kuwa nasi." Na kikaragosi cha mikono iliyokunjwa. Nikawaambia ninachoomba ni marekebisho, wakaniuliza nataka kumtumia nani salamu.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu. Anayeuliza Mmarekani ananihusu nini wakati Ben Pol, mwimbaji wetu wa R&B, hatajwi: fungua uzi wa Ben Pol, nitakuja kuchangia. Hapa tunamjadili aliyezikwa.

Anayesema nipeleke TCRA, mamlaka ya mawasiliano, sitaki mtu afungiwe. Nataka Jumapili hii, saa ileile, kwa sauti ileile ya kunong'ona, aseme Teddy alipooza na akaendelea kuimba, ataje mwaka wa Joy, halafu aipige yote bila kuongea juu yake. Ni dakika chache tu. Na yule mwenzake aliyeuliza swali ndiye apewe kipindi, angalau anauliza.

Mwisho, kama kuna mtu hapa Arusha au Moshi ana nakala ya Truly Blessed, hata iliyochakaa, aje chemba. Dogo anaitaka. Bei isiwe ya mtalii.